Kibuyu cha shosho kinauzwa bila jina, na hapo ndipo tunapopunjwa

Msimu wa ruracio ukifika, picha zinazopakiwa mtandaoni kutoka Nyeri, Karatina, Murang'a na Kerugoya hufanana sana. Hema jeupe, viti vimevishwa vitambaa, MC ameshika maikrofoni, na pale mbele kuna kona ya kienyeji: vibuyu vitatu vinne, chungu cheusi, kiondo, kigoda cha mzee, labda na mkuki umeegemezwa kando. Mara nyingi vitu hivyo havikutoka kwa kina bibi harusi wala kwa kina bwana harusi. Vimekodishwa kwa mtu wa mapambo, na kesho vitapakiwa kwenye pikapu viende sherehe nyingine.

Hakuna ubaya hapo. Vijana waliokuwa wakionea haya vitu vya guka sasa wanajipiga selfi navyo, na hiyo ni hatua. Lakini kuna swali ambalo wageni hawaulizi wakipanga foleni ya pilau: vitu hivi vilikuwa wapi kabla ya kufika hemani?

Baadhi ni vipya, vimetengenezwa juzi na kupakwa masizi vionekane vizee. Vingine ni vya kweli kabisa. Vilining'inia jikoni kwa shosho fulani miaka na mikaka, vikafyonza moshi hadi vikawa na ule wekundu wa kahawia ambao hakuna rangi ya dukani inayoweza kuuiga. Kisha akapita broka na boda, akasema "shosho, hiki hukitumii tena," akatoa hela za kununulia sukari na majani chai, akaondoka nacho.

Kutoka kwa huyo broka, kibuyu kinaweza kwenda kwa mpambaji wa harusi. Kinaweza kwenda kupamba mkahawa wa watalii Nanyuki, au nyumba ya Airbnb, au duka la sanaa Nairobi. Kikiwa na bahati kinavuka bahari na kuonekana kwenye tovuti ya mnada huko Ulaya au Marekani, kimepigwa picha nzuri mbele ya kitambaa cheusi, na maelezo mafupi: kibuyu, Wakikuyu, Kenya, karne ya 20.

Kila hatua bei inapanda. Jina, lakini, lilidondoka kwenye hatua ya kwanza kabisa, pale mlangoni kwa shosho, na hakuna aliyeinama kuliokota. Katika biashara ya vitu vya kale, jina na hadithi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya bei. Sisi wa miji ya Mlima Kenya tunauza kitu na kuitupa hadithi.

Vilivyobaki ni vichache

Kabla ya kulaumu mabroka wa leo, tukumbuke kwamba wao si wa kwanza. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mume na mke Waingereza, William Scoresby Routledge na Katherine Routledge, waliishi katika nchi ya Wakikuyu, wakapiga picha, wakaandika na kukusanya vitu. Kitabu chao kilitoka mwaka wa 1910 kikiwa na kichwa kinachowaita wenyeji wao watu wa kabla ya historia. Vitu walivyokusanya leo vimo katika makumbusho ya Uingereza, ikiwemo British Museum.

Wamishenari Wakatoliki wa Consolata walifika mwaka wa 1902 na Nyeri ikawa kituo chao kikuu. Walijenga shule, hospitali na kiwanda cha kuchapisha vitabu. Mwaka wa 1933 kiwanda hicho cha Nyeri kilichapisha kitabu kinene cha Padre Costanzo Cagnolo kuhusu mila za Wakikuyu, chenye picha tele. Vitu vingi walivyokusanya vilienda Turin, Italia, yaliko makao yao ya asili.

Upande mwingine, mahubiri ya misheni yalifanya familia nyingi zione haya kukaa na vitu vya mila. Chukua mfano wa ndome, ile ngao ya mbao ambayo kijana aliivaa mkononi wakati wa ngoma za kutahiriwa, ikiwa imechongwa na kupakwa michoro. Ngoma hizo zilipokoma, ndome ilikosa kazi. Leo kijana wa Nyeri akitaka kuona ndome ya kweli, ana nafasi nzuri zaidi ya kuiona kwenye katalogi ya mnada wa ng'ambo kuliko kwenye kabati la kwao.

Halafu yakaja makubwa zaidi. Kuanzia mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa Kati kwa nguvu na kuwasongamanisha katika vijiji vyenye mitaro na walinzi. Nyumba zilichomwa. Mama aliyepewa muda mfupi kutoka alibeba mtoto, blanketi na sufuria. Nani angekumbuka kigoda cha babu?

Kwa hivyo kitu chochote cha mbao, ngozi au kibuyu kilichokuwepo kabla ya 1954 na bado kiko katika boma la Tetu, Othaya au Mathira kimepenya kwenye tundu la sindano. Kilivuka mahubiri, kikavuka moto, kikavuka mchwa. Juzi tu kilikuwa kikishindana na ndoo ya plastiki. Sasa kinashindana na broka. Vya chuma navyo, kama pasi za makaa, vinapimwa kwa kilo na kuuzwa kama chuma chakavu. Serikali iliwahi kupiga marufuku biashara ya chuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na mitambo ya umeme, kisha ikairuhusu tena baada ya miezi michache. Hakuna aliyetaja pasi ya nyanyake mtu.

Jinsi jina linavyogeuka pesa

Ili kuelewa biashara hii, angalia mahali ambapo imekomaa. Wamarekani wana soko kubwa la kile wanachokiona kuwa sanaa ya watu wa kawaida: mitungi ya udongo, mablanketi ya viraka, sanamu za mbao, vibao vya maduka ya zamani. Ni vitu vilivyotengenezwa na watu ambao hawakuwahi kusoma sanaa popote. Miaka mia moja iliyopita vingi vilikuwa takataka za ghalani. Kisha matajiri kama Abby Aldrich Rockefeller wakaanza kuvinunua, na leo vina makumbusho yake, ikiwemo moja New York iliyoanzishwa mwaka wa 1961.

Katika soko hilo kuna mtu anaitwa David Drake. Alikuwa mtumwa, mfinyanzi, katika eneo la Edgefield, jimbo la South Carolina, karne ya 19. Wakati sheria za jimbo hilo zilikataza watumwa kufundishwa kusoma na kuandika, yeye alichora jina lake, Dave, pamoja na tarehe kwenye udongo mbichi, na wakati mwingine mistari miwili ya shairi. Wafinyanzi wengine wengi wa wakati wake walitengeneza mitungi mizuri vilevile, lakini hawakuacha jina. Mwaka wa 2021 mtungi mmoja wa Dave uliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.56. Udongo ni ule ule. Kilichoongezwa ni maandishi machache.

Usikimbilie kushangilia, kwa sababu hadithi hiyo ina upande wa pili. Pesa zile hazikwenda kwa kina Dave. Ilichukua hadi 2025 kwa makumbusho moja kubwa, Museum of Fine Arts ya Boston, kukubaliana na vizazi vyake na kuwarudishia umiliki wa mitungi miwili. Na ona: wangewezaje kudai kama mitungi isingekuwa na jina? Ukoo hauwezi kudai kitu kilichoandikwa tu "mtungi, Marekani, karne ya 19".

Kina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Weusi huko Alabama, nao walishona mablanketi kutoka kwa nguo kuukuu za shambani ili watoto wasipigwe na baridi. Mkusanyaji mmoja akayanunua, na mwaka wa 2002 yakaonyeshwa katika makumbusho ya Houston, kisha New York. Dunia ikapagawa. Michoro yao ikawekwa hata kwenye stempu za posta. Mwaka wa 2007 baadhi ya kina mama hao wakaenda kortini wakilalamika kwamba hawakulipwa haki yao. Kesi hizo zilimalizika mwaka uliofuata. Lakini walikuwa na la kusimamia kortini, kwa sababu kila blanketi lilionyeshwa na jina la aliyelishona.

Somo kutoka Pwani

Tusiende mbali sana. Hapa nyumbani Wamijikenda wamepitia machungu kwa sababu ya vigango, zile nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa heshima ya wazee waliofariki. Kwa Mmijikenda kigango ni mzee mwenyewe amesimama pale. Kwa soko la sanaa la Marekani kilikuwa pambo la sebuleni, na kuanzia miaka ya sabini na themanini vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, vingine vikaishia kwa watu maarufu wa Hollywood.

Mwaka wa 1985, mtafiti Mmarekani Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya nduguze. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka ilipita, kisha vikatambuliwa kwenye makumbusho mawili tofauti ya Marekani, moja Illinois na lingine Virginia. Ushahidi ulikuwa ile picha. Vilirudi kwa familia mwaka wa 2007. Mwaka wa 2019 makumbusho ya Denver nayo yalirejesha Kenya vigango 30.

Picha moja tu. Wewe una simu yenye kamera tatu na umeitumia kupiga chapo.

Sasa linganisha na sisi. Mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo, uliofanywa na Makavazi ya Kitaifa pamoja na wasanii wa Nairobi na makumbusho ya Ujerumani, ulipata zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi za Ulaya na Marekani. Maonyesho yake yalifanyika Nairobi mwaka wa 2021. Kuorodhesha ni kazi nzuri, lakini taasisi nyingi huandika tu kabila, mahali na jina la aliyekusanya. Aliyekitengeneza hayupo. Tunamjua Routledge. Hatumjui fundi wa Nyeri aliyechonga kile kigoda.

Sheria inalinda nini?

Wengi hudhani kuuza kitu cha zamani ni kosa, au kinyume chake, kwamba hakuna sheria yoyote. Ukweli uko katikati.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakihesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Huruhusiwi kutoa kitu cha aina hiyo nchini bila kibali, na kufanya biashara nacho kunahitaji leseni. Pia serikali inaweza kutangaza aina fulani ya vitu kuwa inalindwa. Milango ya kuchonga iliyotengenezwa kabla ya 1946 imetajwa moja kwa moja ndani ya sheria hiyo.

Sasa fanya hesabu. Kibuyu cha shosho ni cha 1950. Kiondo cha mamake ni cha 1938. Kigoda cha guka ni cha 1925. Vyote ni vichanga mno kulindwa kwa kigezo cha umri, na vitu vya mbao na vibuyu vya kabla ya 1895 ni vigumu sana kupatikana majumbani. Kwa maneno mengine, karibu kila kitu kilichobaki jikoni kwa shosho kiko nje ya wavu. Milango ya Pwani ilipata kifungu chake. Vibuyu vya Mlima Kenya havikupata.

Kuna sheria nyingine zinazouma, na kijana anayeanza kukusanya azijue. Ngozi ya chui, manyoya ya mbega na pembe za ndovu ni nyara za wanyamapori chini ya sheria ya 2013. Kukaa nazo bila kibali ni kosa, hata kama ni za babu. Na ile bunduki ya kujitengenezea ya wapiganaji wa Mau Mau, ya bomba, komeo na mpira, inaweza kuwa kumbukumbu kubwa ya familia, lakini mbele ya polisi bado ni bunduki. Vitu kama hivyo usinunue wala usiuze. Uliza ushauri kwanza.

Mkusanyaji ni nani?

Kuna dhana kwamba kukusanya vitu vya kale ni mchezo wa wazungu wastaafu. Joseph Murumbi angekushangaa. Huyu alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka wa 1966, akaacha siasa, na mwaka wa 1972 akaanzisha duka na jumba la sanaa la African Heritage jijini Nairobi pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan. Alikusanya nguo, mapambo, vinyago, stempu na maelfu ya vitabu adimu. Angeweza kuviuza ng'ambo. Aliamua viende kwa taifa, na sehemu yake unaweza kuiona Moi Avenue, kwenye jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lile watu hupitia wakienda Ambassadeur kupanda matatu bila kugeuza shingo.

Murumbi hakukusanya vitu pekee. Alijali vilitoka wapi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mkusanyaji na mtu aliyejaza nyumba.

Hata kwa jicho la pesa tupu, mkusanyaji makini hutazama vitu ambavyo broka wa boda havijui. Anatafuta uchakavu wa kweli, pale mkono ulipozoea kushika. Kibuyu kilichopasuka kisha kikashonwa kwa kamba za ganda la mti hakijaharibika kwake, maana mshono ule unasema kulikuwa na mtu aliyekipenda kiasi cha kukitibu. Ukikisugua kwa sabuni na kukipaka vanishi kipendeze kwa Insta, umefuta maisha yake yote.

Kisha fikiria gicandi. Ni kibuyu cha manyanga chenye alama zilizochorwa, ambacho malenga wa Kikuyu walikitumia kwa mashairi ya mafumbo na majibizano sokoni. Ngugi wa Thiong'o, aliyetuacha mwaka wa 2025, alimfanya mpiga gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake Caitaani Mutharaba-ini. Zile alama zilisomwa. Zilimkumbusha malenga wapi aende katika shairi. Ukinunua gicandi leo bila mtu wa kuzisoma, umenunua kibuyu chenye mikwaruzo.

Tufanye nini?

Najua jibu la haraka: "Wewe wasema hivyo ukiwa umeshiba. Shosho anahitaji hela." Ni kweli. Hakuna anayefaa kumwambia mama wa miaka 80 afe na njaa akilinda turathi. Kitu ni chake, auze akitaka. Ninachopinga ni kuuza gizani.

Kwa hivyo wikendi ukienda ushago, kabla ya kuomba maparachichi, kaa chini na shosho. Piga picha ya kila kitu cha zamani, mbele, nyuma na chini, ukiweka rula au kalamu kando ili ukubwa uonekane. Muulize nani alikitengeneza, wapi, kwa kazi gani, kwa nini kimeshonwa hapo. Mwulize kinaitwaje kwa Kikuyu, Kimeru au Kiembu, maana jina lenyewe nalo linapotea. Mrekodi sauti yake akikubali. Andika tarehe. Hifadhi nakala mahali pawili, kwa sababu simu za siku hizi huibiwa kuliko vibuyu.

Kama familia itaamua kuuza, uzeni na karatasi hiyo, na mbaki na nakala. Bei itabadilika hapo hapo, kwa sababu mnunuzi makini hulipia uhakika. Na kama siku moja kitu hicho kitaonekana London au Chicago, mjukuu wako atakuwa na la kuonyesha.

Kwa wale wa mapambo ya harusi na mikahawa ya Nanyuki: wekeni kikadi kidogo. "Kibuyu cha uji, Mukurwe-ini, kilitengenezwa na fulani." Wageni wenu watapiga picha hiyo kabla ya keki. Na kwa wale wenye vitu ambavyo familia haiwezi tena kuvitunza, Makavazi ya Nyeri yako pale Ruring'u, ndani ya jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika enzi za mkoloni, na Meru wana yao. Viongozi wetu wa kaunti nao, badala ya kungoja vitu vilivyo Ulaya virudi kwa ndege huku kamera zikiwaka, waanze na vilivyo jikoni Othaya. Kuwaajiri vijana kumi wenye simu na daftari hakuhitaji mkopo wa kimataifa.

Tunawadai Waingereza na Waitaliano watuambie vitu vyetu vilitoka kwa nani. Ni haki yetu kudai. Lakini kuna shosho huko kwenu ambaye anajua majibu yote kuhusu vitu vilivyo ukutani kwake, na hajaulizwa. Broka naye ana namba yake ya simu.